Picha ya Mlango wa Buluu

6 Februari

Kwako Sindano, mtoto wa marehemu kaka yangu,

Barua yako imefika, na pole kwa simu kuharibika. Mtu wa siku hizi kuandika kwa mkono! Mama wa posta alinitazama kama nimefufuka aliponikabidhi bahasha. Huku tunaendelea vizuri, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo nikipanda ngazi linalia kuliko mlango wa stoo. Mama Bucha wa jirani anakusalimia na bado analalamika nani atamshonea aproni. Benchi langu liko palepale mbele ya kaunta. Juzi nimewakalisha kinyozi na mkewe, kila mmoja amenuna upande wake. Sikuwaacha wainuke mpaka wakacheka wenyewe.

Sasa yaliyonifanya nishike kalamu. Zile picha mbili ulizoweka ndani ya bahasha zimenitoa machozi. Hasa ile uliyosimama mlangoni kwa duka lako jipya, futi kamba shingoni, mlango wa buluu nyuma yako, unacheka. Kwa nini lakini mkono wa kushoto umeuficha mgongoni? Una sambusa huko? Nimeiweka kaunta, na mteja wa kutoa kopi lazima aitazame kwanza ndipo apate kopi yake. Kisha nikajiuliza, nimewafungulia kurasa za biashara mtandaoni kinyozi, muuza magodoro na yule bwana wa majeneza, halafu mtoto niliyemlea mwenyewe akose? Nikaipitisha picha kwenye skana, nikakufungulia ukurasa. Picha ya profaili ni wewe na mlango wako.

Usiwe na wasiwasi, anwani yako sijaiweka. Uliniambia ni yangu peke yangu mpaka utulie, na mimi nikiambiwa siri inakaa. Kwenye ramani nimeweka alama ya hapa dukani kwangu, kwa muda tu. Ukiwa tayari niambie nirekebishe.

Mume wako hajambo. Ndiye aliyeniunganishia kompyuta na simu yangu, unaijua mikono ya fundi simu yule. Alipoona picha aliichukua akaitazama muda mrefu. Anasema mlikubaliana utangulie umalize kazi ya sare za shule, naye atafuata. Fanyeni haraka, upweke haumpendezi.

Ni mimi shangazi yako,
mwenye benchi

23 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za huko, na nimecheka peke yangu kwa ajili ya kinyozi. Goti ulipeleke hospitali, usilitanie tu. Mimi naendelea. Cherehani ya zamani imekubali kufanya kazi, overloki nimeazimwa, na magauni ya shule karibu yote nimeshayakata, yamebaki pindo. Jirani yangu ni mfamasia, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kukemea. Chai yangu ya saa nne nakunywa dukani kwake.

Asante kwa kunifungulia ukurasa. Najua umefanya kwa mapenzi. Ila Shangazi, naomba uiondoe ile picha. Sikupendeza. Nywele zilikuwa hazijasukwa, na gauni lile lina doa la mafuta ya cherehani. Isitoshe kazi niliyonayo inanitosha, wateja wakija wengi nitashindwa, na mteja aliyeahidiwa akakosa hana huruma.

Weka picha ya uzi, au ya mkasi, au usiweke kitu. Picha nilikutumia wewe, uiweke chumbani kwako.

Simu bado sijanunua. Ramani iache ilivyo.

Msalimie Mama Bucha.

Sindano wako

11 Machi

Sindano,

Natumaini ndani kwako ni kwema. Huku mvua imeanza na dari langu limepata tundu, lakini limezibwa. Aliyepanda kuliziba ni mume wako, hakunisubiri nimwombe. Sijui watu wengine wanawapata wapi wakwe wao, mimi wangu nimebahatika.

Eti hukupendeza! Tangu lini? Wewe uliyekuwa unakataa kwenda dukani bila kujitazama kwenye sufuria? Lakini sawa, mteja ni mfalme. Nimeitoa ile ya nywele na doa, nikaweka ile ya pili, iliyopigwa kwa mbali, ambayo wewe huonekani sana. Duka zima linaonekana, mlango, ngazi zako mbili, mpaka kibao cha duka la dawa la jirani yako. Imetulia, ina hadhi. Nimekuandikia na maneno: "Fundi wa nguo za kike na sare, kazi safi."

Na sikia hii. Umeshapata maoni! Mtu hakuandika jina, lakini amekupa nyota tano, amesema: "Nimeupenda mlango. Siku moja nitabisha hodi." Mwenye majeneza ana mwaka mzima hajapata nyota hata moja, ingawa wateja wake kweli hawana namna ya kuandika.

Nimemsomea mume wako maoni hayo, akatabasamu. Siku hizi anapita hapa kila akifunga kazi, anakaa kwenye benchi, ananiuliza unakula nini, unalala wapi. Namwambia mwenyewe atakueleza. Nimekuahidi, si ndiyo? Lakini mwandikie, mwanangu. Mtu mzima anauliza habari za mkewe kwa shangazi, haipendezi.

Shangazi

26 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mvua imepungua. Mimi mzima. Sare nimezikabidhi, na mwalimu mkuu amezipenda.

Mfamasia amenionyesha ukurasa kwenye simu yake. Nimeiona picha ya pili. Nimeyaona na maoni. Shangazi, kibao cha jirani yangu kinasomeka vizuri kabisa, jina lote, mpaka herufi ndogo za chini.

Iondoe. Sisemi ubadilishe, nasema iondoe, na ukurasa wote uufute. Naomba usiniulize sababu, na naomba usikasirike. Nimewahi kukuomba mambo mengi, mengine ya kipuuzi, na hukuwahi kuninyima. Hili usininyime.

Kwa kuwa barua inachukua muda wake njiani, sikungoja. Kama picha haibadiliki, nilisema, basi mlango utabadilika. Nimeupaka rangi ya kijivu mimi mwenyewe, mara mbili, na kibao changu nimekishusha, kimeegemea ukuta ndani. Cherehani nimeitoa dirishani nikaisogeza nyuma, kwenye giza, sasa nashona kwa taa mchana. Wateja wanapita mlangoni wakiniuliza mimi mwenyewe duka la fundi liko wapi. Jana mama mmoja amesimama nje na kitambaa chake, akatazama, akaenda zake. Nilimwona kupitia pazia na sikumwita. Mlango ule niliuchagulia rangi mwenyewe, Shangazi. Kilikuwa kitu changu cha kwanza kukichagua baada ya muda mrefu.

Usimpe mtu yeyote habari zangu. Yeyote.

Sindano

9 Aprili

Kwako Sindano,

Sisi hatujambo. Sitaandika mengi ya nyumbani kwa sababu barua yako imenikaa vibaya, na mimi nikikasirika mwandiko unaharibika.

Nimeisoma mara ya kwanza, nikairudia. "Usiniulize sababu." Mimi? Niliyekuuliza sababu ya kila jeraha la goti tangu ukiwa huna meno ya mbele? Umepaka mlango mzuri rangi ya jivu, unajificha nyuma ya pazia na kufukuza wateja, halafu nisiulize. Sawa. Siulizi. Lakini macho ninayo. Wewe na mume wako mmegombana, na kila mmoja anaona aibu kuniambia. Yeye anasema hakuna neno. Wewe unasema hakuna neno. Watu wawili wakisema hakuna neno kwa sauti ile ile, mimi najua neno lipo.

Kuhusu ukurasa, nilijaribu kuufuta, kompyuta ikanidai neno la siri ambalo sinalo. Aliyeliweka ni yeye, alipokuwa ananiunganishia. Nimemwambia aufute. Amesema atafanya, hana haraka.

Na sasa nikwambie kitu ambacho nilitaka kiwe cha kushtukiza, ila sijui kunyamaza. Jumamosi ya tarehe 27 nakuja. Nakuletea zawadi, zawadi yenyewe ina miguu miwili na imeshakata tiketi. Hajui tunakwenda mji gani, nimemwambia atapanda basi nitakalopanda mimi, akacheka akasema yeye ni mzigo wangu tu. Anwani nimeitunza mpaka mwisho, umeona? Kwa kuwa ninyi hamji kwenye benchi, benchi litawafuata. Hata kigoda cha kushonea kinatosha. Nitawakalisha, na hamtainuka mpaka mcheke.

Ondoa hilo pazia. Pika kitu.

Shangazi yako anayekupenda, hata ukinuna

17 Aprili

Shangazi,

Leo sina salamu. Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, mtu wa mfamasia, kwa sababu posta itachelewa. Ukiwa na mtu dukani, isome bila kubadilisha uso.

Usije naye.

Ananipiga. Ameanza mwaka ule ule wa harusi na hajawahi kuacha, aliacha tu kunipiga usoni kwa sababu wewe ulikuwa unakuja Jumapili. Mkono niliouficha kwenye picha, vidole viwili havinyooki. Alivibana kwenye mlango wa kabati, akaushikilia mlango, huku ananiuliza kwa upole nimezungumza na nani sokoni. Kwa upole, Shangazi, kwa sauti ile anayokuamkia nayo. Fundi wa nguo na vidole. Alijua anachokifanya. Nimejifunza upya kushika kitambaa kwa kiganja.

Hatukukubaliana nitangulie. Nilitoroka akiwa kazini, na sare za shule ni kazi niliyoipata baada ya kufika huku, yeye aliisikia kwako. Simu yangu haikuharibika, niliitupa. Yako hushikwa na yeye, kila namba inayokupigia anaiona, ndiyo maana nikaandika barua kama watu wa zamani. Sikukwambia kwa sababu ya benchi. Niogope nini kingine? Nilijua ungenisikiliza mpaka mwisho, ungenifuta machozi, kisha ungenikalisha karibu naye. Na yeye kwenye benchi angelia vizuri kuliko mimi.

Maoni yale ni yake. Nayajua. Jambo la kwanza aliloniambia tulipokutana ni hilo hilo, kwamba siku moja atabisha hodi.

Wiki hii mwanamume amepiga simu duka la dawa. Namba ilikuwa kwenye kile kibao. Ameuliza kwa adabu kama fundi wa jirani, wa mlango wa buluu, bado yupo. Mfamasia alichungulia nje, akaona kijivu, akamjibu hapa hakuna mlango wa buluu. Akamshukuru, akakata. Kwa hiyo mji ameshaanza kuukaribia, kilichobaki ni uhakika, na uhakika huo ndio unaotaka kumletea kwa basi.

Nimekunja vitu vyangu vinavyokunjika. Kama tarehe 27 nikikuona umeshuka naye, nitatokea mlango wa nyuma na hata wewe hutanipata tena. Nakupenda, na nitafanya hivyo.

Sindano

24 Aprili

Mwanangu,

Rudisha vitu vyako kwenye kabati. Siji naye. Hakuna anayekuja naye.

Dereva alipoingia, mumeo alikuwa chini ya meza yangu anafunga waya wa mashine ya kopi. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye vidole nikakaa juu ya katoni ya karatasi. Akaniuliza kutoka kule chini, "Barua ya nani, Shangazi?" Nikamwambia, "Ya manispaa, wanalalamika kuhusu mtaro." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilitazama viganja vyake vikitoka chini ya meza, safi, kucha zimekatwa.

Nikamwambia tena, "Baba, kabla hatujasafiri nipe hilo neno la siri, nataka picha ya mwenzio iwe nzuri siku tunafika." Akafurahi. Akalitamka mwenyewe na mimi nikaliandika. Ni jina lako na tarehe ya harusi yenu.

Alipoondoka nilifunga duka mchana kweupe, watu wakadhani nimefiwa. Nilivuka barabara kwa fundi simu mwingine, yule binti mwenye kibanda, nikamwambia toa kila kitu cha mtu mwingine kwenye simu hii na kwenye kompyuta yangu. Alitoa vingi. Barua pepe zangu zilikuwa zinaingia kwake, na simu ninayokwenda nayo sokoni ilikuwa inamwonyesha nilipo. Mimi niliyekuwa nasema nimebahatika! Tukabadilisha neno la siri. Picha zako mbili na maoni yake tukavifuta.

Nilitaka kuufuta ukurasa wote kama ulivyoomba. Kidole kilikuwa tayari kimefika. Kisha nikakiondoa, nikamwita Mama Bucha, nikasimama mlangoni kwa duka langu, akanipiga picha. Sikucheka. Nimevaa miwani, mikono yote miwili nimeiweka mbele. Nikaipandisha pale ulipokuwa wewe. Alama ya ramani sikuhitaji kuigusa, ilikuwa hapa hapa kwangu tangu mwanzo.

Kesho yake asubuhi mumeo akaja na simu mkononi. Hakuniamkia.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Picha."

"Ya mke wangu iko wapi?"

"Kaa kwenye benchi tuzungumze."

Akakaa, kwa mazoea. Ndipo Mama Bucha akaingia na aproni yake ya kazi, akafuata kaka mkubwa wa mumeo niliyempigia simu alfajiri, na askari mmoja wa kike niliyekwenda kumwomba kituoni akasimama mlangoni na hakuondoka hapo. Unalijua benchi langu, lina nafasi ya watu wawili. Upande wako nilikaa mimi.

Nikamuuliza kuhusu vidole. Kwanza alicheka, akasema ulijibana mwenyewe. Kisha akalia, na ulisema kweli, analia vizuri. Nilipoona machozi hayanigusi nikajua nimekuwa mtu mwingine. Nikamwambia, "Nauliza mlango wa kabati ulishikiliwa na nani." Akaacha kulia ghafla, kama mtu aliyefunga bomba, akanigeukia. Sindano, nimeyaona macho hayo. Ulikuwa unakaa nayo peke yako. Alisimama, na askari naye akasogea hatua moja ndani. Kaka yake aliinamisha kichwa na hakumtetea.

Alipelekwa kituoni kuandikisha maelezo, wakamweka ndani. Jana ametoka, kaka yake amemdhamini na anaishi kwake. Kwa hiyo sikudanganyi kwamba yamekwisha. Askari anasema maelezo yako unaweza kuyatoa kwenye kituo cha huko huko uliko, na mfamasia akusindikize. Habari ya vidole ieleze yote, hata kama utatetemeka. Mlango usiupake rangi bado. Nitakapokuja nitakuja peke yangu, nikiwa nimebeba kopo la buluu, na siku hiyo utanipa brashi.

Nisamehe. Anwani yako niliitunza kama roho yangu, halafu sura yako nikaianika barabarani. Na nisamehe kwa ajili ya benchi. Nililipenda kiasi kwamba mtoto wangu mwenyewe aliliogopa.

Namba ya simu yangu mpya iko nyuma ya karatasi hii. Hakuna aliyeigusa ila mimi na yule binti.

Leo wamekuja watu wawili kutafuta fundi wa nguo, ramani imewaleta kwangu. Nimewapa chai, nikawaambia fundi yuko safarini. Mama Bucha ananishauri niondoe picha yangu kwa sababu nimekunja uso mno, natisha wateja. Nimemwambia sitaibadilisha. Anayekutafuta aanze na mimi.

Shangazi yako